Nani Ashike Mwiko: Mjenzi wa Naguru na Mwenye Nyumba Aliye Ng'ambo

Julai 2011 matingatinga yaliingia katika kota za Nakawa na Naguru, mashariki ya jiji la Kampala. Kota hizo zilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na kuna watu waliozaliwa humo wakalea wajukuu humo humo. Walipoondoka walibeba ahadi: wapangaji 1,747 wangefikiriwa kwanza katika nyumba mpya za mji wa kisasa ambao ungejengwa papo hapo.

Mkataba wa mji huo ulikuwa umetiwa saini Oktoba 2007 kati ya serikali ya Uganda na kampuni ya Opec Prime Properties, ambayo wawekezaji wake walitoka ng'ambo. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 300 za Marekani. Rais Yoweri Museveni aliweka jiwe la msingi Oktoba 2013, zaidi ya miaka miwili baada ya kota kubomolewa. Mji ulioahidiwa haukusimama. Baadaye serikali ilivunja mkataba, na kufikia 2022 kamati maalumu ya Bunge ilikuwa ikichunguza jinsi vipande vya ardhi ile vilivyogawiwa wawekezaji wengine.

Kila upande una maelezo yake kuhusu ucheleweshaji huo. Linaloweza kuchambuliwa bila kuchukua upande ni mpangilio wa tarehe. Saini ilikuja 2007, watu wakahama 2011, jiwe likawekwa 2013. Waliokuwa na cha kupoteza walikitoa mapema, kabla hapajawa na ukuta wowote wa kupima. Tangu siku ile, uwezo wa kumwambia mjenzi "hapa bado" ukawa umewatoka mikononi.

Mpangilio huo huo hujirudia kila mwaka katika miradi midogo isiyofika bungeni. Mganda anayefanya kazi London, Boston au Dubai, ambaye Kampala humwita mtu wa kyeyo, hununua kiwanja nyumbani, hutuma fedha kwa jamaa, kisha husubiri picha kwenye WhatsApp. Waganda wa ng'ambo hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, na ujenzi ni miongoni mwa mambo ambayo fedha hizo huyafanya. Naye hutoa kwanza, hupima baadaye. Wengine hawapimi kabisa.

Kiwanja kabla ya fundi

Naguru ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi ya kuchagua mjenzi kwa sababu ni kilima. Mjenzi anayetoa bei kwa kuangalia ramani peke yake, bila kukanyaga kiwanja, hujitambulisha mapema. Kiwanja chenye urefu wa mita 20 kinachoshuka mita moja kwa kila mita nane kina tofauti ya mita mbili na nusu kati ya mpaka wa juu na wa chini. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya ardhi tambarare haitatosha hapo. Patahitajika msingi wa ngazi, ukuta wa kuzuia udongo, na njia ya maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwa jirani wa juu. Gharama hizo zote huzama ardhini, wala mgeni atakayekaribishwa chai sebuleni hataziona.

Mwaliko wa kwanza kwa mjenzi basi uwe wa kwenda kiwanjani na kurudi na maswali. Anayeuliza maji yatapita wapi, lori la kokoto litageuzia wapi na udongo uliochimbwa utamwagwa wapi, amewahi kujenga mlimani. Anayetaja bei ya jumla akiwa bado ndani ya gari anakisia.

Hata kabla ya hapo kuna suala la hati. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua mifumo minne ya umiliki wa ardhi: ya kimila, umiliki huru, mailo na ya kukodi. Raia wa kigeni hawezi kupata zaidi ya ukodi wa hadi miaka 99, jambo linalomgusa Mganda aliyechukua uraia mwingine bila kurudisha ule wa nyumbani. Tangu 2009 sheria inaruhusu uraia pacha, lakini huombwa, haujileti. Kwenye ardhi ya mailo kuna tatizo jingine: mtu anaweza kushika hati safi kabisa na bado akamkuta mwenye kibanja, yaani mkaaji wa ardhi hiyo anayelindwa na sheria, ana migomba yake na makaburi ya wazazi wake. Upekuzi katika ofisi ya ardhi huonyesha jina lililo kwenye hati. Kibanja huonekana kwa kwenda kiwanjani, kuuliza majirani na kumwona mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mjenzi hodari aliyeanza kazi kwenye ardhi yenye mgogoro hana tofauti kubwa na mjenzi mbaya, kwani wote wawili huishia kwenye nguzo zinazoota kutu.

Jina lake limeandikwa wapi?

Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo huwapanga wajenzi kwa madaraja. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo husajili makandarasi kuanzia NCA1 hadi NCA8. Mtu wa Muscat anayejenga Dar es Salaam au Mombasa ana pa kuanzia: atauliza namba ya usajili, kisha ataihakiki.

Uganda, uzito wa usajili wa kisheria umewaangukia zaidi wataalamu. Wahandisi wana bodi yao ya usajili, wasanifu majengo yao, na wapima yao. Chama cha makandarasi, UNABCEC, huwagawa wanachama wake kwa madaraja, ila uanachama ni wa hiari. Kwa hiyo katika jiji la Kampala swali la busara zaidi ni kuhusu mhandisi atakayetia saini michoro ya nguzo na slabu na atakayesimama pale zege linapomwagwa. Mhandisi huyo ana namba, ana bodi inayoweza kumwajibisha, na ana riziki ya kupoteza. Fundi mkuu asiye na usajili popote anaweza kuwa stadi kuliko wengi wenye vyeti, lakini akizima simu mwenye nyumba hana mlango wa kugonga.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 iliongeza mlango wa pili. Inataka kibali cha ujenzi kabla ya kuanza, ukaguzi wakati wa kazi, na kibali cha kukaliwa kabla ya watu kuhamia. Mhandisi anayesema kibali kitafuata baadaye, tuchimbe kwanza, amemwonyesha mteja wake jinsi atakavyoshughulikia mengine yote. Kampala inafahamu gharama ya haraka hizo. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua wafanyakazi waliokuwa kazini.

Kuhusu kazi ambazo mjenzi amekwisha kufanya, picha hazitoshi, kwani picha ya nyumba ya mtu mwingine hupatikana kwa dakika moja. Kinachosaidia ni anwani tatu: nyumba iliyokamilika miaka mitano iliyopita, nyingine iliyokamilika mwaka jana, na moja inayojengwa sasa. Ya kwanza huonyesha nyufa na paa linalovuja. Ya pili ina mwenye nyumba ambaye bado anakumbuka kama hesabu zilifungwa vizuri. Ya tatu huonyesha jinsi saruji inavyohifadhiwa, kama imeinuliwa juu ya mbao na kufunikwa turubai au imetupwa kwenye udongo wenye unyevu.

Hesabu zinazopimika kutoka mbali

Mjenzi wa kutegemewa haogopi kupimwa, na vipimo vingi havihitaji mwenye nyumba awepo. Kuna viwili ambavyo jamaa yeyote mwangalifu anaweza kuvisimamia.

Cha kwanza ni nondo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa kila mita. Fundi hukata kipande cha mita moja kwa msumeno, kipande huwekwa kwenye mizani ya dukani, ile ya kupimia sukari na maharagwe, na namba hupigwa picha. Kikisoma gramu 746, nondo ile ni ya milimita 11 iliyouzwa kwa jina la 12, na chuma kilichomo kwenye nguzo kimepungua kwa asilimia 16 kabla hata zege halijachanganywa. Kwa macho tofauti hiyo haionekani. Mizani huionyesha mara moja.

Cha pili ni saruji. Slabu ya ghorofa yenye mita 10 kwa 12 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 18 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto, mita moja ya ujazo hula takriban kilo 320, sawa na mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50. Slabu nzima basi inataka mifuko kama 115, na kwa upotevu wa kawaida 120. Risiti ikija na mifuko 170, bimu ziongezwe kwenye hesabu na mjenzi aeleze iliyobaki iko wapi. Risiti ikija na mifuko 80, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu watu watalala chini ya slabu hiyo.

Hesabu za namna hii ndizo kazi ya mkadiriaji majenzi, anayeandaa orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei ya kila kipengele. Ada yake huwauma wengi, hasa wanaoona kwamba karatasi hazijengi. Lakini bila orodha hiyo, zabuni tatu za wajenzi watatu hazilinganishiki. Mmoja ameweka milango ya mvule, mwingine ya mbao laini, wa tatu hakuhesabu milango kabisa, na wa tatu ndiye anayeonekana wa bei nafuu.

Mikono mitatu

Makosa mengi ya ujenzi wa mbali huanzia pale mtu mmoja anaposhika kila kitu. Kaka au shemeji hupokea fedha, hununua vifaa, huajiri mafundi na kutoa ripoti. Mara nyingi hana nia mbaya. Fedha za saruji zimeingia kwenye simu ile ile inayopokea maombi ya karo na bili ya hospitali ya mama, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada Jumatatu ile ile ambayo lori la mchanga linatakiwa kulipwa. Hakuna mjomba mwenye utu atakayelala na fedha huku mtoto amekaa nyumbani. Anakopa kwenye saruji akitumaini kurudisha, na mwezi unaofuata kuna msiba.

Dawa yake ni kumpunguzia jamaa huyo mzigo. Mjenzi ajenge. Mhandisi au mkadiriaji asiyelipwa na mjenzi athibitishe kazi iliyofanyika. Malipo yatoke kwenye akaunti ya mwenye nyumba moja kwa moja hadi kwa mjenzi na duka la vifaa, baada ya cheti cha hatua husika. Jamaa abaki kuwa jicho: aende Jumamosi bila kutoa taarifa, apige video akitembea kutoka lango hadi nyuma ya nyumba bila kukata, na gazeti la siku hiyo lionekane. Akipewa hati ya uwakilishi, iandikwe kwa mambo ya ujenzi peke yake. Isimpe mamlaka ya kuuza wala kuweka kiwanja rehani.

Hatua zenyewe hujulikana na kila fundi: msingi, jamvi, kuta hadi lenta, slabu, kuezeka, plasta na mabomba, kisha umaliziaji. Malipo ya awali yawe madogo kiasi cha kumwezesha mjenzi kuleta watu na vifaa vya kuanzia, na kila awamu ilipwe kwa kazi iliyokwisha kupimwa. Kwenye slabu pawe na sharti la ziada: zege lijazwe kwenye maboksi ya sentimita 15 kila upande, yapelekwe maabara, yavunjwe baada ya siku 7 na siku 28. Majibu yatumwe kwa mwenye nyumba na maabara yenyewe. Mjenzi anayejua kwamba maboksi yanamsubiri hukumbuka kumwagilia zege lake asubuhi na jioni.

Mwishoni hubaki fedha ya dhamana, kwa kawaida asilimia tano, inayozuiwa kwa miezi sita baada ya makabidhiano. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na muda huo hupangwa ili nyumba ipitie angalau msimu mmoja. Nyumba iliyokabidhiwa Januari mteremkoni Naguru itakuwa imepigwa na mvua za Aprili, maji ya jirani wa juu yatakuwa yamepita nyuma ya ukuta wake, na aliyeujenga ukuta huo atakuwa bado anasubiri Julai alipwe fedha yake ya mwisho.