Kijitabu cha pauni 120



Yaya yangu ni muuguzi. Anafanya kazi Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, sasa ni mwaka wa pili. Bibi yake na mtoto wao wa miaka 9 bado wako hapa Bukavu, wanangojea viza. Mwezi uliopita alinitumia PDF ya kurasa 64 kwa WhatsApp, pamoja na maneno haya: "Mudogo, we njo ulisoma Kingereza. Tafsiria shemeki yako hii kitu, halafu muanze kumutayarisha mutoto. Nililipa pauni 120, usiichezee."

Ni kijitabu cha mashauri kwa wazazi walio nje ya Uingereza, wanaotaka watoto wao waingie katika shule za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani. Kule wanaziita shule za grama. Aliyekiandika sitamtaja, maana vijitabu vya namna hii ni vingi na vinafanana kama mapacha. Nilikaa nacho siku tatu. Mwishowe sikutafsiri, na yaya akanikasirikia. Leo naandika kwa nini, juu wengi wetu hapa tunaletewa kazi kama hii na familia.

Kwanza nitoe haki yake. Kalenda iliyomo ni sahihi. Mtihani, wanaouita Eleven Plus, unafanywa kwa kawaida mwezi wa Septemba, mtoto anapoanza mwaka wa sita wa primaire, akiwa na miaka 10. Kujiandikisha kwa mtihani kunakuwa miezi ya kabla, na anayechelewa amechelewa. Ombi la shule ya sekondari linapelekwa kwa baraza la eneo unalokaa, kabla ya tarehe 31 Oktoba. Majibu yanatoka tarehe 1 Machi, na mtoto anaanza Septemba inayofuata. Masomo ya mtihani nayo yameelezwa vizuri: Kiingereza, hesabu, maswali ya kufikiri kwa maneno, na maswali ya kufikiri kwa maumbo. Mzazi ambaye hakujua hata hayo amepata kitu.

Lakini mpangilio wa kijitabu umekaa kichwa chini, miguu juu. Kurasa 40 za kwanza ni juu ya kumtayarisha mtoto: nunua karatasi za mazoezi, tafuta mwalimu wa nyumbani, mtoto afanye saa mbili kila siku. Mambo ya viza na anwani yako ukurasa wa 58. Na pale kuna aya moja tu.

Bandugu, ile aya njo ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Shule za grama ni za serikali na hazilipishi masomo, kweli. Ila si kila mtoto anayeingia Uingereza anaruhusiwa kusoma shule ya serikali. Mtoto anayepewa viza yake mwenyewe ya mwanafunzi anaruhusiwa shule za kulipia tu. Mtoto anayekuja kutembea hahesabiwi. Anayeruhusiwa ni yule anayekaa kule pamoja na mzazi mwenye haki ya kukaa, kwa mfano mtoto aliye kwenye viza ya kumfuata mzazi anayefanya kazi. Na hata hiyo njia imebanwa. Muuguzi kama yaya bado anaweza kuleta bibi na mtoto. Lakini aliyeomba viza ya kutunza wazee tangu Machi 2024 hawezi. Na wewe unayetafuta kwenda kufanya masters, ujue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni hawawezi kuja na familia, isipokuwa wa utafiti na wale wanaolipiwa na serikali. Mzazi anaweza kumfundisha mtoto mwaka mzima kwa mtihani ambao mlango wake ulifungwa tangu ubalozini. Kijitabu kinajua hilo, na kinaliweka baada ya pesa kutoka mfukoni.

Jambo la pili ni anwani. Kijitabu kinaandika kwamba kama hujapata nyumba, "tumia anwani ya rafiki kwa muda." Niliposoma pale nilisimama. Sheria ya uandikishaji ya Uingereza inaruhusu nafasi iondolewe kama ilipatikana kwa ombi la uongo. Mabaraza yanaomba ushahidi wa nyumba, na mengine yanafuatilia. Mtu aliye na pasipoti ya kule anaweza kupoteza nafasi ya shule na mambo yakaishia hapo. Sasa mgeni ambaye kila karatasi yake inaangaliwa mara mbili, unamshauri aanze maisha ya mtoto wake kwa udanganyifu kwa serikali? Aliyeandika atakuwa nyumbani kwake anakunywa chai. Atakayejieleza ni yaya.

Na tena, kupita mtihani si kupata nafasi. Hilo kijitabu kinalitaja haraka haraka, kama mtu anayepita karibu na mtu anayemdai. Kuna shule zinazopanga watoto kwa alama, kutoka juu kwenda chini, mpaka nafasi ziishe. Nyingine zinasema: wote waliofikia kiwango wanafaa, halafu tunaangalia nani anakaa karibu. Kwa hiyo mtoto anaweza kupita vizuri kabisa na akakosa, juu baba yake alipanga nyumba mbali. Watoto wa wanajeshi wa Uingereza walio nje wamewekewa kanuni yao: wakileta barua rasmi yenye tarehe ya kurudi, wanahesabiwa kama tayari wanakaa eneo lile. Mzazi wa kawaida wa nje hana kanuni hiyo. Anafuata masharti ya baraza lile na shule ile, na masharti hayo yanabadilika.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nikatae kutafsiri. Yaya anadhani Eleven Plus ni kama ENAFEP yetu: mtoto amemaliza primaire, anaonyesha kwamba alisikia mwalimu, anapewa cheti. Kijitabu kinamwacha adhani hivyo. Lakini si hivyo. ENAFEP inauliza kama umejifunza. Eleven Plus inauliza uko wapi kwenye mstari, nani mbele yako na nani nyuma. Huko Kent takriban robo ya watoto ndio wanahesabiwa wanafaa. Hata kama wote wangejibu vizuri mwaka huu kuliko mwaka jana, wengi wangebaki nje vilevile. Na yale maswali ya kufikiri kwa maneno na kwa maumbo hayamo katika programu ya kitaifa ya shule za primaire. Shule haimfundishi mtoto, basi anafundishwa na nani? Na pesa ya mzazi.

Kwa mtoto wetu kuna kingine zaidi. Yeye anasoma kwa Kifaransa, anacheza kwa Kiswahili, Kiingereza anakijua kupitia katuni. Wanaosahihisha wanaangalia umri: aliyezaliwa Agosti anafanyiwa hesabu ili asiumizwe na aliyezaliwa Septemba. Lakini mtoto mwenye miezi minane ya Kiingereza anakaa mbele ya karatasi ileile, anaombwa neno lenye maana sawa na neno ambalo hajawahi kulisikia. Kijitabu kinasema, "anza mapema." Mapema ya wapi? Mtoto yuko Bukavu, na umeme unakuja saa wanazotaka wao.

Sasa niende kwenye mzizi. Kurasa zote 64 zimejengwa juu ya imani moja: shule ya grama inamfanya mtoto kuwa mtu, na shule nyingine inampoteza. Imani hiyo ina historia. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilifungulia watoto wote sekondari ya bure, na karibu nchi nzima ikawagawa kwa mtihani wa miaka 11: wachache grama, wengi shule za kawaida zilizohesabiwa za chini. Katikati ya miaka ya 1960 shule za grama zilikuwa karibu 1,300. Mwaka 1965 serikali ya Labour, waziri wa elimu akiwa Anthony Crosland, iliyaomba mabaraza yaunganishe watoto katika shule moja kwa wote. Mwaka 1998 sheria ikakataza kufungua grama mpya. Theresa May alijaribu kuondoa katazo hilo mwaka 2016, baada ya uchaguzi wa 2017 mpango ukaanguka. Leo Uingereza yenyewe imebaki na grama 163, zenye karibu asilimia 5 ya wanafunzi wa sekondari za serikali. Kent peke yake ina zaidi ya 30. Wales na Scotland hawana hata moja katika shule za serikali, na watoto wao wanaingia chuo kikuu.

Je, zile 163 zina matokeo mazuri? Ndiyo, mazuri sana. Lakini sisi tulisoma statistiki, tusidanganyike kama mtu aliyesifu kapu kwa sababu ya maembe. Ukichagua watoto wenye alama za juu, miaka mitano baadaye utakuwa na watoto wenye alama za juu. Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Uingereza. Walipolinganisha watoto waliokuwa sawa tangu mwanzo, kwa alama za awali na hali ya nyumbani, ile faida ya grama ilikaribia kuyeyuka. Na kabla yao, mwaka 2013, shirika la Sutton Trust lilionyesha kwamba wanaoingia grama na ambao wana haki ya chakula cha bure shuleni, yaani watoto wa maskini, hawakufika asilimia 3, wakati katika maeneo yaleyale walikuwa asilimia 18. Lile neno "bure" lililoandikwa kwenye jalada la kijitabu lina bei, na bei inalipwa kabla ya mtihani.

Nilimpigia yaya nikamwambia hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mudogo, we uko na maneno. Mi niko na mutoto. Unataka akae na bale balioshindwa?"

Hilo swali liliniuma, na sitalikimbia. Yaya si mjinga. Baba yetu aliuza shamba ili yeye asome uuguzi, na alichojifunza kutokana na hilo ni kwamba shule nzuri unaikimbilia, huingojei. Simkatazi kujaribu. Mtoto akifika mapema, akiwa anapenda mafumbo na maneno, amwandikishe mtihani, haulipiwi, na mwalimu wake wa kule atamwambia ukweli juu ya uwezo wake. Nilichomjibu ni hiki: "Yaya, na kama hapite?"

Alinyamaza. Nikarudi kwenye kijitabu kutafuta jibu. Kurasa 64, hakuna hata nusu ukurasa kwa mtoto ambaye hakupita. Katika eneo ambako takriban robo tu ndio wanaofaa, mashauri yameandikwa kwa robo na kuuzwa kwa wote.

Kwa hiyo badala ya tafsiri nilimwandikia yaya ukurasa mmoja. Viza ya mtoto kwanza, kabla ya kitabu chochote cha mazoezi. Nyumba ya pili: aipange mahali ambapo hata shule ya kawaida iliyo karibu ni nzuri, asome ripoti za wakaguzi wa Ofsted, ambazo ni za wazi na hazilipiwi, na aende mwenyewe siku ambayo shule inafungulia wazazi milango, aulize wanafanya nini na mtoto anayefika bila Kiingereza. Serikali inaongezea mabaraza pesa kwa watoto wa namna hiyo miaka yao mitatu ya kwanza, basi ana haki ya kuuliza. Mtihani uwe wa tatu. Na ajue kwamba mlango hauishii miaka 11: shule nyingi za grama zinapokea wanafunzi wapya wakiwa na miaka 16, kwa matokeo yao ya mitihani ya sekondari. Wakati ule mtoto atakuwa anaota kwa Kiingereza.

Yaya hakunijibu siku nne. Siku ya tano alinitumia picha ya lango la shule ya kawaida, amesimama mbele yake na nguo za kazi, ametoka zamu ya usiku. Chini aliandika: "Beko na mwalimu moja anasema Kifaransa." Bado hajaamua. Shemeki naye anangojea viza.

Bandugu, wengi wetu hapa njo wakalimani wa familia. Siku moja utaletewa PDF yenye jalada zuri, ya shule, ya bourse au ya Canada, na utaambiwa tafsiri tu. Anza kusoma ukurasa wa 58.