Sifa za Kitu Kinachovunjika

Anayetafsiri habari za Ulaya kwa Kiswahili hukwama mapema kwenye jina la ule msimu ambao miti huchipua baada ya baridi kali. Watu wa pwani wana demani, ile nafasi tulivu upepo wa kusi unapolegea, na wafasiri wengine huichukua hiyo wakaridhika. Lakini ukiileta demani huku Ipinda, wilayani Kyela, haina pa kutua. Migomba ya hapa haipukutishi majani kwa pamoja, mikakao na miembe hubaki kijani mwaka mzima, na mvua, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, huanza kama Novemba na kuaga Mei, ikilemea zaidi Machi na Aprili. Mimea haina usingizi wa kuamka. Kinachongojwa huku ni maji kukubali kurudi mahali pake. Mito ya Mbaka na Lufilyo hupungua, njia ya kwenda Matema hupitika bila kuvua viatu, mpunga hukatwa na kupigwa, na nyumba zilizojikunyata na unyevu kwa miezi mingi hutoa mikeka na magodoro nje. Hata salamu hurefuka. Furaha hiyo ya Juni inatoka wapi, na kwa nini kufikia Agosti huwa imeshazoeleka?

Jibu jepesi ni jua. Ila jua likishatoka wiki mbili huwa jua tu, wala hakuna anayelishukuru. Nadhani kinachoinua moyo wa nyumba ni kazi ambazo jua huzifungulia mlango, na miongoni mwa kazi hizo nazisifu hasa zile ambazo matunda yake hayadumu: kazi zinazokwisha, zikavunjika, zikataka kuanzwa upya. Najua ni jambo la ajabu kidogo kusifu kisichodumu. Fundi kwa kawaida husifiwa kwa uimara wa alichokitengeneza, na ukimwambia seremala kwamba uzuri wa kiti chake ni kuwa kitavunjika, atakuona mchawi. Lakini upande wa mashariki wa Kyela kuna ufundi unaonipa ujasiri wa kusema hivyo, nao ni ufinyanzi wa wanawake wa Kikisi.

Ukipita Matema, ufuko wa mchanga unakatika na Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja majini. Wakisi wanaishi kwenye utepe huo mwembamba kati ya mwamba na ziwa, kuanzia Ikombe na kuendelea kusini hadi mwambao wa Ludewa. Ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo tangu zamani watu hawa wamekula kwa mikono miwili, mmoja wa nyavu na mwingine wa udongo. Vyungu vilipakiwa mitumbwini, vikavushwa hadi kwa Wanyakyusa wa bondeni, vikabadilishwa kwa nafaka. Siku hizi hubadilishwa kwa noti, na safari yake imerefuka: kutoka mnada wa Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, hupanda magari kupitia Ipinda hadi Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya. Ziwa lenyewe hupanga ratiba. Upepo wa mwera ukivuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi, mtumbwi uliojaa vyungu ni hesabu ya kupigwa mara mbili kabla ya kusukumwa majini.

Tukisogeze chungu kimoja karibu. Udongo huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa, huondolewa vijiwe, hulowekwa, kisha hukandwa mpaka usiwe na tundu la hewa. Mfinyanzi hana gurudumu la mguu. Donge hukaa juu ya kigae kipana ambacho mkono mmoja hukizungusha huku mwingine ukivuta ukuta kwenda juu. Tuna methali inayosema udongo uwahi ungali maji, nayo husemwa sana mbele ya wazazi. Mfinyanzi angeweza kuisahihisha. Udongo ulio maji mno hauna mgongo. Ukiutwisha mabega upesi, tumbo la chungu hubonyea. Lazima ungoje sehemu ya chini ikaze kiasi cha kubeba ya juu, lakini isikaze hadi ikatae kushikana nayo. Muda huo hausomeki kwenye saa, husomeka kwa ncha ya kidole, na unabadilika kulingana na unyevu wa asubuhi hiyo. Halafu ukuta hukwanguliwa uwe mwembamba, husuguliwa kwa jiwe laini, na chungu huwekwa kivulini. Kikianikwa juani mdomo hukauka kabla ya tako, upande mmoja unasinyaa na wa pili bado, na ufa huanzia hapo. Mwisho ni moto wa wazi, wa kuni na nyasi. Kama kuna maji yaliyobaki tumboni mwa udongo yatageuka mvuke na kukipasua chungu kwa mshindo. Ndiyo maana mwezi wa Aprili, hewa ikiwa yenyewe imelowa, ni adui wa mfinyanzi, na Juni ni ndugu yake. Joto likipita nyuzi 500 hivi, yale maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe nayo hutoka, na kuanzia hapo hautarudi kuwa tope hata ukilala ziwani miaka mia.

Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Kitu kisichoweza tena kuyeyuka bado kinaweza kuvunjwa na mbuzi. Chungu hugongwa na mwiko, huteleza kwenye mafiga, hupasuka mtoto anapokitia maji baridi kikiwa bado cha moto. Mtu wa biashara ya kisasa ataliita hilo kasoro ya bidhaa. Mimi nasema chungu kingeweza kudumu miaka mia, ufinyanzi wenyewe usingedumu miaka hamsini, kwa sababu kila nyumba ingenunua mara moja na kufunga hesabu, na mfinyanzi asingekuwa na sababu ya kumketisha binti kando ya donge la pili. Ujuzi wa ncha ya kidole hauandikiki. Hurithiwa kwa kurudiwa, na hurudiwa kwa kuwa kuna nyumba fulani, Ipinda au kwingineko, ambamo kitu kimevunjika wiki hii. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu kwa mkono bila gurudumu, na kazi zake zimeingia British Museum. Ni kazi za kutoa pumzi. Hata hivyo chungu kikishawekwa nyuma ya kioo hakivunjiki tena wala hakimwiti mtu kukaa chini akande kingine. Chungu cha Ikombe huita.

Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Mambo yanayoipa familia hamu ya kuamka kesho ni yale yanayoliwa yakaisha. Ubwabwa wa mpunga mpya, ambao Kyela inajulikana kwa harufu yake nchi nzima, hauwekwi akiba. Unapikwa, unaliwa, sufuria inaoshwa, na saa sita kesho njaa inarudi kama haijawahi kushibishwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katikati ya miaka ya 1930, alikuta watu wana neno kwa jambo hili, ukwangala, yaani kukaa na wenzako na kuonja utamu wa kuwa pamoja nao. Kwa kitabu chake cha mwaka 1951 aliuchukua ushirika huo akaufanya jina: Good Company. Ninachokipenda ni kwamba neno hilo ni kitenzi. Watu hawakuwa na ukwangala wakauweka kabatini. Walikwenda kuufanya, jioni hii na jioni ijayo, wakila pamoja na kuzungumza, na aliyeacha kuufanya alikuwa hana.

Msomaji makini ameshanuna. Atauliza: jioni hizo, nani alikuwa akipika? Ni swali la haki. Wilson mwenyewe anaonyesha wanaume wa rika moja wakila kwa zamu chakula kilichotoka kwenye mafiga ya wake zao, na furaha ya kundi moja ilibebwa kwa kichwa na kundi lingine. Kusifu kazi inayorudiwa bila kutazama ni nani anayeirudia ni kusifu nira kwa sababu imechongwa vizuri. Lakini dosari hiyo iko kwenye mgawo. Wanaosema tatizo litakwisha mara kazi za nyumbani zitakapokwisha wamesahau kwamba nyumba isiyo na la kufanya pamoja huwa nyumba ya wageni, kila mmoja na ufunguo wake. Figa moja haliinjiki chungu, tunasema, na mara nyingi tunamaanisha mke na mume. Inafaa tuwahesabu pia wavulana wanaongoja sahani wakiwa wamekaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa upande wangu. Chungu kinataka kuni mara mbili, kuchomwa na kupikia, na Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia mwishoni mwa kipindi hicho. Chungu cha tako la mviringo hakikai vizuri juu ya jiko la gesi, kinapepesuka kama mlevi. Sitajifanya kuwa kuna jibu la ujanja. Moshi unaua, na mama anayepata mtungi wa gesi asilaumiwe kwa kuachana na mafiga. Acha maharage yaende kwenye sufuria. Najua maharage ya chungu yana ladha yake, moto ukipenya polepole na kukaa hata kuni zikitolewa, lakini ladha haitoshi kumdai mtu mapafu yake. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya ufinyanzi haijawahi kutegemea jiko. Mtungi wa maji hauhitaji umeme wala gesi: ukuta wake hutoa jasho, jasho hukauka na hewa, na katika kukauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Katika bonde la Kyela, lililo kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hilo si jambo dogo mwezi wa Oktoba. Hapo kiwanda cha ndoo za plastiki kimeshindwa, ingawa kimeuza zaidi.

Imebaki methali moja ambayo nadhani tumeisoma vibaya. Mfinyanzi hulia gaeni: tunaitumia kumcheka fundi anayewatengenezea wengine huku yeye akikosa. Lakini fikiria ni vyungu gani vinavyobaki nyumbani kwake. Ni kile kilichopinda mdomo, kile ambacho moto ulikilamba upande mmoja kikawa na baka jeusi, kile chenye ufa mwembamba juu ya bega ambao bado hauvuji. Soko halivitaki. Nyumbani vina kazi: kimoja huhifadhi mbegu, kingine hunyweshea kuku, na kigae cha kilichovunjika kabisa hubebea makaa kutoka kwa jirani. Nyumba ndiyo mahali pekee ninapopajua ambapo kitu chenye ufa hupewa kazi nyingine badala ya kutupwa, na anayekula gaeni pale Ikombe huenda anakula kwa raha kuliko tunavyodhani.

Wanaokwenda Lyulilo Jumamosi wana desturi moja ambayo wauza vyungu huivumilia kwa subira kubwa. Mnunuzi huinama, hukiinua chungu kwa kiganja cha kushoto, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kama kengele, mazungumzo ya bei yanaanza. Kikitoa sauti ya kukoroma, kinarudishwa chini. Hugongwa kimoja, kingine, cha tatu, na mwenye mali hutazama ziwani asiseme neno. Alishavigonga vyote alfajiri, kabla ya kuvipakia.