Upotevu wa Umeme Ulivyopata Mwenyewe

Kituo cha umeme cha Budana, kwenye mto Shari nchini Kongo, kilijengwa enzi za Wabelgiji ili kuendesha migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Umeme wake hufika hadi mji wa Bunia. Tangu sheria ya Juni 2014 iwafungulie watu binafsi sekta ya umeme Kongo, swali zito ni hili: msambazaji abanweje ili apunguze upotevu, asimtwishe mteja hasara hiyo?

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda ilijaribu kulijibu kwa miaka 20.

Machi 2005 kampuni iitwayo Umeme ilikabidhiwa nyaya za usambazaji. Karibu asilimia 38 ya umeme ulioingia humo ulikuwa ukipotea: mwingine uliishia kuwa joto kwenye nyaya na transfoma, mwingine uliibwa. Mdhibiti wa umeme wa Uganda, ERA, hakukubali hasara yote iingizwe kwenye bili. Aliweka kiwango cha upotevu, na bei ikapigiwa hesabu kwa kiwango hicho, hata kama hali halisi ni nyingine.

Tuseme kampuni imenunua yuniti 100 na imeruhusiwa kupoteza 20. Bei hupangwa kana kwamba imeuza 80. Ikiuza 83, fedha za zile tatu ni zake. Ikiuza 77, pengo linazibwa na wenye hisa. Waya wa wizi uliofichwa nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma, ambao zamani haukumuuma mtu ofisini, sasa ukawa na wa kuufuatilia. Ukusanyaji wa malipo nao uliwekewa shabaha, na kuanzia 2011 zikaja mita za Yaka, za kulipia kabla ya kutumia. Kufikia 2018 upotevu ulikuwa karibu asilimia 17. Hayo ni mafanikio makubwa.

Kwenye mtaji, hata hivyo, kamba ililegezwa mno. Mkataba uliipa kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa dola, juu ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kila nguzo mpya ikapandisha gharama za mteja. Rais Museveni alilalamika hadharani, na mkataba haukuongezwa. Ulipoisha, 31 Machi 2025, nyaya zikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL, huku serikali na Umeme zikivutana juu ya fidia.

Kongo nayo ina mdhibiti wake, ARE. Akitaka kuweka kiwango cha namna hiyo Bunia, lazima kwanza ajue umeme kiasi gani unaingia mjini. Mita ya kuanzia basi ni ile ya pale laini ya Budana inapoingia Bunia, kabla ya mita ya nyumba yoyote.