Mwulize Amekataa Wangapi

Ukitaka kujua kama msuluhishi wa ndoa anaijua kazi yake, usimwulize amepatanisha wangapi. Mwulize amekataa wangapi. Kuanzia Gitaza huku Muhuta hadi Rumonge mjini, hapa Burundi, nimekaa kwenye vikao vya kutosha, na wanaojisifu kwamba hakuna ndoa iliyowahi kuwashinda ndio ninaowaogopa.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mushingantahe, kwa Kirundi, ni yule anayesimika intahe, ile fimbo inayogongwa chini haki inapotafutwa. Siku hizi kuna pia wajumbe wa intahe yo ku mugina, baraza la wazee wa kilima, waliochaguliwa mwaka 2022. Waislamu wa Rumonge wana aya ya 35 ya Surat An-Nisaa, inayotaka mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mwingine kutoka kwa watu wa mke. Waliorudi kutoka Tanzania wanaikumbuka Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kwa kawaida haipokei kesi ya talaka kabla haijapita baraza la usuluhishi. Mimi jina la baraza halinishughulishi. Naangalia mtu alifanya nini kabla kikao hakijaitwa.

Kwetu huku kando ya Ziwa Tanganyika, ndagala, yaani dagaa, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti kitu, mitumbwi hulala mchangani, waume wako nyumbani na mfukoni hamna kitu. Ndipo ugomvi hupamba moto, na ndipo vikao huitishwa, maana wote wapo. Haina neno. Lakini kumchunguza mke siku hizo ni kazi bure. Fundi ninayemheshimu kuliko wote, mama mmoja muuza mawese, hungoja giza lirudi. Mume yuko ziwani hadi alfajiri. Mama anapita jioni na dumu lake, kama mtu anayefuata deni.

Hamwulizi binti wa watu, "Anakupiga?" Anajua atajibiwa hapana. Huanza mbali. "Mwanangu, ukikataa jambo, usiku huwaje?" Halafu: "Pesa ya mawese anakaa nayo nani?" "Dada yako alikuja lini kukuona?" Na mwisho, huku anafunga dumu: "Amewahi kukushika shingo?" Swali hilo la shingo lina uzito wake. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani aliyetunga miaka ya 1980 orodha ya maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, analo kwenye orodha yake. Kukabwa hakuachi alama kubwa kila mara, ila aliyekabwa yuko karibu na kifo kuliko ngozi yake inavyosema.

Mume naye huhojiwa peke yake, kwa adabu ileile. Wapo wanaume wanaoishi kwa hofu, nao hawasemi. Msuluhishi anayewahoji wawili hao kwenye mkeka mmoja, akauita uchunguzi, mwachie aendelee na biashara nyingine.

Ugomvi na hofu havifanani. Wanaogombana hukatizana maneno, kila mmoja ana kesi yake. Penye hofu, mmoja hungoja mwenzake amalize, na jibu lake ni fupi mno. Nililiona hili chini ya mwembe. Mke aliulizwa kama yuko tayari kurudi kwa mume. Kabla ya kufungua mdomo aliutazama mkono wa kulia wa mumewe, uliokuwa ukikunja na kukunjua kofia. Akasema ndiyo. Wazee wakamshukuru Mungu, kreti ya bia ikafunguliwa. Wiki ya tatu tukamkuta kwa mama yake, mkono umefungwa kitenge. Nami nilikuwa pale chini ya mwembe, nikanywa chupa yangu.

Tangu siku ile huwa nauliza bia imenunuliwa na nani. Bia ya wazee, agatutu k'abagabo, ni desturi na sina ugomvi nayo. Lakini kreti iliyolipwa na upande mmoja huwa imekwisha kusema kabla ya shahidi wa kwanza.

Fundi akikuta hofu, hapatanishi. Anatafuta kwanza mahali pa kulala mke na watoto, kisha kituo cha afya, kisha polisi. Na kwa aliyebakwa au kuumizwa nyumbani, Centre Seruka ya Bujumbura iko kazini tangu 2003. Sheria ya 22 Septemba 2016 imeufanya ukatili wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na kosa la jinai halifidiwi kwa mbuzi, hata mbuzi awe mnene vipi.

Mashauri mengine, na ndiyo mengi, yanapatanishika, na hapo natazama mambo madogo. Je, msuluhishi aliwaambia mapema kama amekuja kuwapatanisha au kuwaamulia? Wazee wetu huchanganya: huanza kwa kubembeleza, humaliza kwa kutoa hukumu, na aliyefungua moyo wake asubuhi hukuta maneno yake yamegeuzwa ushahidi jioni. Je, maandishi yanasema nini? "Wamepatana, waishi kwa amani" ni karatasi ya kufungia maandazi. Naitafuta ile inayotaja ada ya shule italipwa na nani na tarehe ngapi, na igiseke, kile kishamba alichopewa mke na baba yake, nani analima na nani anakula. Hilo la mwisho wengi hulikwepa, kwa kuwa urithi wa ardhi kwetu unafuata mila na binti hupata kwa hisani.

Yule mama wa mawese hana muhuri wala kiti cha mbele. Mwezi ukiisha na giza likirudi, utamwona tena njiani na dumu lake, anaelekea nyumba ileile, anaulizia deni.