Hongera kwa Ushirika wa Kahawa wa Kilimanjaro

Wakulima wa Kichaga, ambao mibuni yao humea kivulini mwa migomba katika vihamba vya mlimani, walipotanabahi kuwa mtu mwenye magunia mawili ya buni hana kauli mbele ya tajiri mnunuzi, waliasisi jumuiya yao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika chenye makao yake Moshi. Fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, ni hesabu: mkulima hulipwa malipo ya awali, na kahawa ikishauzwa kwa bei ya juu zaidi, hupewa baki yake kwa insafu. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya namna hiyo (hasara iliyoje!), kisha vikarudishwa katika miaka ya 1980. Basi mnunuzi wa ng'ambo ajinasibishaye na uadilifu, na aulize kwanza mkulima alipata nini.