Darizi za Mwambao wa Nyasa: Sanaa Isiyoandikiwa Jina

Mgeni akaribishwapo katika nyumba nyingi za Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, hukalishwa penye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe chenye darizi ya maua, ya ndege, au ya neno "Karibu". Hukiegemea, akanywa maji, akaaga. Wahakiki wetu nao wamefanya vivyo hivyo: wamezisifu ngoma za mganda na kioda, na vitambaa wameviegemea bila kuvitazama.

Kasoro hii ina chanzo chake. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana sindano kama somo la utunzaji wa nyumba, si kama sanaa. Mwaka 1962 ulizaliwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, chini ya Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ngoma ilipata mlezi katika utamaduni. Darizi ilibaki kwa akina mama, ikapimwa kwa senti inazoleta.

Kwingineko wanawake waliidai heshima hiyo wenyewe. Mjini London, mwaka 1906, wanawake 16 waliosomea darizi walianzisha chama cha wadarizi kwa shabaha ya kulinda ubora wa kazi yao. Si lazima tukiige chama hicho, lakini swali lao latuhusu: kazi ipi ni bora, na kwa sababu gani?

Jibu halipatikani kwa kutazama upande mmoja. Kigeuze kitambaa. Fundo zikiwa chache, na nyuzi zisiporukaruka kutoka ua hadi ua, utajua kwamba mkono ulipanga safari yake kabla ya kuanza. Kisha litazame umbo. Tusikimbilie kulilaumu waridi kwa kuwa ni geni na kulisifu samaki kwa kuwa ni la ziwani. Samaki lililonakiliwa bila fikra ni kazi hafifu. Waridi ambalo mshonaji amelibadili majani, akalipa rangi aliyoichagua mwenyewe, limekwisha kuwa lake.

Lakini "lake" ni la nani? Gunia la kahawa kutoka milima ya Umatengo lilipopimwa katika chama cha ushirika, mkulima aliandikiwa stakabadhi yenye jina lake. Kitambaa huuzwa, hutolewa zawadi ya arusi, hurithiwa, na jina la aliyekishona hupotea. Sanaa isiyo na majina haiwezi kuhakikiwa, kwa maana hatuwezi kusema nani alimfundisha nani, wala nani alimpita mwalimu wake.

Basi mwalimu wa Mbinga na Nyasa awatume wanafunzi majumbani na daftari: waandike jina la mshonaji, mwaka, na mahali alipojifunza. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Vyanda hivi vimevaa tondoo miaka mingi. Pete bado tunadaiwa.