Diski ya zamani, kompyuta mpya

Kompyuta ya steshenari moja hapa Kabwe, kando ya ziwa, ilizimika asubuhi moja umeme ulipokatika na kurudi mara tatu mfululizo. Nilipofungua kasha, pawasaplai ilinuka kuungua na kwenye mazabodi kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu wa ziwa mpaka likawa kama utandu. Diski ilikuwa nzima.

"Fundi, madeni yote ya wateja yamo humo," mama mwenye duka akaniambia. "Na ile programu ya hesabu, kijana aliyeniwekea alishahama."

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyoamua kazi. Kwa kawaida namshauri mteja apige Windows upya kisha anakili mafaili yake, maana mfumo wa zamani huhama na takataka zake. Lakini programu isiyo na flashi yake wala namba ya leseni hainakiliki kama faili. Ilibidi mfumo mzima uhame jinsi ulivyo. Vipuri vya kompyuta mpya vikaagizwa Dar es Salaam, vikapanda basi hadi Sumbawanga, kisha vikateremka hadi huku ziwani.

Wengi wanadhani ugumu uko kwenye draiva. Enzi za Windows XP ulikuwa huko kweli: ukibadilisha mazabodi, mara nyingi unakaribishwa na skrini ya bluu. Windows 10 ni mvumilivu zaidi. Ikiwaka mara ya kwanza kwenye mashine ngeni, huvitafuta vifaa vipya yenyewe. Kinachokwamisha siku hizi huja kabla Windows haijaanza kabisa.

Kompyuta ile ilianza maisha na Windows 7, baadaye ikapandishwa hadi 10. Kwa hiyo diski yake ilibaki na mpangilio wa MBR, na iliwaka kwa BIOS ya zamani, ambayo husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kufuata maelekezo yaliyomo. Mazabodi mpya hutumia UEFI. Hiyo hutafuta patisheni ndogo ya FAT32 yenye faili la kuwashia, na diski ya MBR ya namna hii haina. Ni mgeni anayebisha mbele ilhali mlango wa nyumba uko uani. Ndiyo maana unaiona diski kwenye orodha, jina na ukubwa wake, na bado mashine inasema hakuna cha kuwashia. Fundi asiyejua hili huitangaza diski imekufa. Na njia ya kuirudisha mashine kwenye BIOS ya zamani imeanza kufungwa: bodi nyingi mpya za Intel hazikubali, ukitegemea grafiki za prosesa yenyewe.

Sikuigusa diski halisi. Niliipiga nakala nzima kwa Clonezilla kwenda SSD ya SATA ya GB 512. Ile ya GB 480, iliyokuwa rahisi zaidi, isingefaa, kwa sababu Clonezilla kwa kawaida hutaka diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko ya kutoa, na ya zamani ilikuwa GB 500. Nilichagua SATA badala ya NVMe ili Windows ikute njia ileile ya AHCI iliyoizoea. Baada ya nakala nikachomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha, kwani diski mbili zenye kitambulisho kimoja hugombana.

Kisha nikawasha kwa flashi ya Windows 10, nikabonyeza Shift na F10, nikaandika `mbr2gpt /validate /disk:0`, amri inayopima kama diski ya MBR inaweza kugeuzwa kuwa GPT, mpangilio unaoendana na UEFI. Ikakataa. Patisheni za msingi zilikuwa nne, na chombo hiki hakipokei zaidi ya tatu. Ya nne ilikuwa ya kiwanda, ya kurejesha Windows 7. Nikaifuta kwenye nakala, nikapima tena, ikakubali. Hapo ndipo nilipoandika `/convert`, kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya hatua hiyo, unaweza kubaki na diski isiyo MBR wala GPT.

Iliwaka. Ikazunguka dakika kadhaa ikitayarisha vifaa, ikajizima na kuwaka tena, na programu ya hesabu ikafunguka na madeni yake yote.

Leseni ya Windows haikuhama. Iliyokuja na mashine ya kiwandani hufungwa kwenye mazabodi yake, kwa hiyo mteja awekwe wazi mapema kuwa atanunua nyingine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usianze lolote bila ile namba ya tarakimu 48.

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo hatua inayofuata ni kupanda hadi 11, jambo ambalo mashine ya zamani isingeliweza. Diski ya zamani haijafutwa. Nimeibandika karatasi yenye tarehe, iko kabatini kwa mama, na itakaa humo mpaka afunge hesabu za mwaka.